Picha ya jicho la mbwa ambayo veterineri ataielewa

Wengi wetu tunakaa mbali na veterineri, kwa hiyo simu ndiyo inayotangulia. Mbwa anaamka amefumba jicho, tunapiga picha mbiombio, tunaituma, na jibu linarudi: haionyeshi kitu, pigeni tena. Mega zimekwisha, na mnyama bado anaumia.

Mara nyingi tatizo ni kusogeza simu karibu mno. Simu ikigusa karibu pua ya mbwa, picha inatoka na ukungu. Tuiweke umbali wa sentimeta 30 hivi, tukuze picha baadaye. Na kioo cha kamera kifutwe kwanza kwa kitambaa safi. Mikono yetu inatoka jikoni, na mawese yana tabia ya kufuata simu. Flashi izimwe, maana mng'ao wake unafunika mboni. Kivuli cha nje, mchana, kinatosha.

Mmoja amshike kichwa kwa upole, mwingine apige. Picha ya kwanza ni kabla ya kumsafisha. Tunapenda kumpangusa kwanza ili apendeze, kumbe tongotongo ndilo linalosema: maji matupu si sawa na usaha wa manjano au kijani. Kisha tumpanguse kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, tupige tena. Picha moja ionyeshe macho yote mawili, kwa sababu veterineri analinganisha: mboni moja imepanuka? Kiwaa cheupe kiko upande mmoja tu? Nyingine ipigwe kutoka ubavuni. Tuandike pia limeanza lini, na kama anajikuna.

Tukingoja jibu, tusimtie dawa ya macho iliyobaki ya mtoto. Baadhi ya dawa hizo zina deksametazoni, na jicho lenye kidonda likitiwa hiyo linaweza hata kutoboka.

Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetoka udenda au kuuma ovyo, asishikwe kabisa kwa ajili ya picha. Huenda ni kichaa cha mbwa. Watoto waondolewe, veterineri aitwe, na aliyekwisha kuumwa aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Na jicho likiwa limetoka nje, limechanika, au limegeuka jeupe kwa usiku mmoja, picha tutaituma tukiwa njiani.