Motokaa Inapotetemeka Imesimama

Huenda kijijini kwenu iko motokaa moja tu, ya parokia au ya mwenye duka, nayo ndiyo impelekayo mama mwenye uchungu hospitali usiku. Siku moja mwaiona imesimama, injini yazunguka polepole, hali ambayo mafundi huiita sailensa, na usukani watetemeka kama mgonjwa wa homa. Hapo hakosi wa kusema, "Injini imekufa, tafuteni nyingine." Msitoe fedha bado.

Injini ya petroli ya silinda nne, ikiwa sailensa, huzunguka yapata mara 800 kwa dakika. Kila silinda huwasha mafuta mara moja katika mizunguko miwili, ndiyo mara 400. Silinda moja isipowaka, ni kama wapiga makasia wanne, mmoja akaacha kasia: mtumbwi wayumba. Motokaa ikienda mbio kasoro hujificha, maana injini imeshika kasi.

Basi, kwanza plagi. Zifunguliwe injini ikiwa imezimwa na kupoa. Plagi njema ncha yake ni ya kahawia hafifu. Yenye masizi, au iliyolowa petroli, yaonyesha silinda isiyowaka vema. Kama plagi ni nzima, tazameni koili. Katika motokaa nyingi za siku hizi kila silinda ina koili yake. Mwambie fundi azime injini, ahamishe koili anayoishuku kwenye silinda nyingine. Ubovu ukihama pamoja nayo, mwizi amekamatwa, na hamjanunua kitu. Fundi asiyetaka kufanya hivyo, bali ataka koili zote nne mpya, mwulize sababu.

Ukisikia mluzi mwembamba, tafuta mpira wa hewa uliopasuka. Injini ikiwa sailensa huvuta hewa kidogo tu, kwa hiyo hata tundu dogo laharibu mchanganyiko wa hewa na petroli.

Wako madereva ambao hupandisha sailensa ili mtetemo usionekane. Huko ni kumfunika mgonjwa blanketi, na petroli inakwisha bure.

Tena, injini yaweza kuwa nzima kabisa. Imekalia mipira, na mipira huoza, hasa ikidondokewa oili. Ukisikia mlio uko sawasawa lakini bodi lote latikisika, chunguza mipira hiyo kabla ya kufungua kitu kingine.

Angalieni jambo moja: taa ya injini ikiwaka na kuzima mfululizo, dereva asiendelee na safari. Petroli isiyowaka huungulia ndani ya ekzosi na kuharibu chujio la moshi, lile waliitalo masega, nalo ni ghali. Wala msipime injini inayowaka ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake huua mtu bila yeye kujua.

Motokaa za dizeli hutetemeka kidogo kwa desturi yake. Mtetemo ukizidi, anzeni na chujio la dizeli, kisha nozeli.