Je, Wajua? Kasi ya Kiwanda cha Chai Iko Vitandani

Je, wajua kwamba kiwanda cha chai kinaweza kununua mashine mpya na kisipate hata kilo moja zaidi kwa saa? Hesabu yake ni kuzidisha na kugawanya tu.

Viwanda vya Nyansiongo, Sanganyi na Kebirigo kule Nyamira, na vya Kiamokama, Nyamache na Ogembo upande wa Kisii, hufuata mkondo mmoja. Majani mabichi hupimwa, hutandazwa kwenye vitanda virefu na kupulizwa hewa hadi yanyauke, hukatwakatwa kati ya rola zenye meno, huachwa yachachuke mpaka kijani kigeuke rangi ya shaba, hukaushwa, kisha huchekechwa. Kuchachua na kukausha huchukua kama saa 2. Kunyausha peke yake hula saa 12 hadi 18.

Mwaka 1961, Mmarekani John Little alithibitisha kanuni hii: wastani wa mzigo uliomo ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kuingia mara muda wa kukaa humo. Tuchukue kiwanda cha mfano chenye vitanda 30, kila kimoja kikibeba kilo 1,500. Jumla ni kilo 45,000. Majani yakikaa saa 15, hakiwezi kupitisha zaidi ya kilo 3,000 kwa saa. Ukileta mashine ya kusaga kilo 5,000 kwa saa, sehemu kubwa ya siku itakaa bure.

Malori yanayoleta majani nayo yana hesabu yake, katika fani ya foleni iliyoasisiwa na Agner Erlang wa Denmark alipochunguza simu za Copenhagen mwaka 1909. Tuseme malori yanakuja bila ratiba, na kupima na kushusha kunachukua wastani wa dakika 10, mara pungufu, mara zaidi. Mizani ikiwa na kazi asilimia 80 ya muda, lori husubiri wastani wa dakika 40. Ikifika asilimia 90, ni dakika 90. Kwa asilimia 95, saa 3 na dakika 10. Malori yameongezeka kidogo tu, foleni imefura.

Kanuni hizi zinafaa hata kwenye karakana ya meli, kama ile ya Kisumu ilikoundwa MV Uhuru II. Lakini bamba la chuma linaweza kulala uani wiki nzima likimngoja mchomeleaji. Jani likishasagwa halingoji: likichelewa kukaushwa, linachachuka kupita kiasi na ladha inaharibika. Hivyo vitanda vya kunyaushia ndivyo pia stoo ya kungojea zamu.

Ongeza vitanda 10 katika kiwanda chetu cha mfano, na kasi inapanda hadi kilo 4,000 kwa saa. Hapo kikwazo huenda kikahamia kwenye kikaushio, na meneja atalazimika kupiga hesabu upya kabla ya kugusa tena pesa za mkulima.