Sauti ya Injini: Ipi Yaweza Kumsubiri Fundi, na Ipi Yataka Gari Lizimwe Papo Hapo



Kata yetu ya Mwera iko kusini mwa Mto Pangani. Mgonjwa anayepelekwa Hospitali ya Wilaya mjini Pangani hana budi kufika Bweni, kisha avuke mto. Saa za usiku, gari kuukuu la jirani laweza kuwa ndilo tegemeo pekee. Likiharibika njiani, hasara haiwi ya mwenye gari peke yake. Aghalabu injini hutoa dalili kabla ya kufa. Yafaa tujifunze kuzitambua.

Kwanza, chunguza sauti hutokea wakati gani. Egesha gari mahali tambarare, weka gia huru, vuta handibreki, kisha kanyaga mafuta polepole. Sauti ikienda kasi pamoja na injini, chanzo chake ni injini au vifaa inavyovizungusha. Ikisikika gari linapotembea tu, kagua beringi za magurudumu, ekseli na breki.

Mlio mwembamba kama filimbi wakati wa kuwasha gari mara nyingi hutokana na mkanda wa feni uliolegea au kuchakaa. Mkanda huo huzungusha alteneta na, katika magari mengi, pampu ya maji. Ukikatika, injini huchemka.

Mgongo mwepesi wa haraka juu ya injini huweza kuonyesha kwamba oili imepungua au valvu zinahitaji kurekebishwa. Ukisikika injini ikiwa baridi, kisha ukatoweka ikipata moto, huenda gasketi ya ekzosi inavuja: chuma kikipata joto hutanuka na kuziba upenyo. Moshi huo una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Fungua vioo na ulipeleke gari kwa fundi bila kuchelewa.

Sauti ya hatari kuliko zote ni kishindo kizito kinachotoka chini ya injini na kuzidi gari linapovuta mzigo. Huenda beringi za konrodi zimelika, na injini i karibu kunoki. Kishindo hicho kikisikika, au taa nyekundu ya oili ikiwaka injini ikiwa inanguruma, egesha pembeni na uzime papo hapo. Usiseme utafika Bweni kwanza. Kuongeza oili hakurudishi chuma kilichokwisha kulika.

Injini ya dizeli kwa kawaida hugonga kuliko ya petroli. Kwa hiyo sikiliza mabadiliko, si ukubwa wa sauti pekee.

Pima oili kila wiki na kabla ya safari ndefu. Zima injini, subiri dakika chache, chomoa kijiti, kifute, kirudishe, kisha ukisome: oili iwe kati ya alama mbili. Weka kanga, kanzu na mikono mbali na feni na mikanda, wala usifungue rejeta ikiwa ya moto.

Ukifika kwa fundi, mweleze sauti ilianza lini, injini ikiwa baridi au ya moto, na gari likiwa tupu au limebeba mzigo. Maelezo hayo humwepusha kubadilisha vifaa kwa kubahatisha.

Na mwenye gari lenye shaka awaarifu majirani mapema, ili siku ya dharura watafute chombo kingine.