Je, Wajua? Wazigua waliorudi Handeni wakitokea Somalia

Vita vya Somalia vya mwaka 1991 viliwaleta Tanga wakimbizi waliozungumza Kizigua: vizazi vya watu waliouzwa utumwani huko karne ya 19. Simulizi zao zinamtaja mwanamke, Wanankhucha, aliyewaongoza mababu kutoroka mashamba ya bonde la mto Shebelle wakikusudia kurudi kwao. Wakaishia bonde la mto Juba, humo humo Somalia.

Handeni, mkoani Tanga, wakimbizi hao walikaa kambi ya Mkuyu, kisha mwaka 2003 wakahamia makazi ya Chogo kwa msaada wa UNHCR. Wengi baadaye wakapewa uraia, na kwa mwanamke hilo si jambo dogo: mgeni hagawiwi ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji, ilhali Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa raia wa kike haki sawa na mwanamume.