Pombe kwa Cheti cha Daktari: Yaliyowapata Wakulima wa Marekani

Wakulima wengi wanajua saa ya kufungwa baa ya sokoni kwao, lakini ni wachache walioisoma Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010. Ndani yake mna jambo linalowahusu hata wafugaji. Daktari, mfamasia na daktari wa mifugo walioandikishwa hawakutakiwa kuwa na leseni ya pombe ili watoe dawa yenye kileo. Sheria za namna hii, popote zilipo, huacha mlango mdogo kwa ajili ya mgonjwa, na mara nyingi mlango mwingine kwa ajili ya ibada. Yanayoweza kupita katika milango hiyo yalionekana huko Marekani, na wakulima walikuwa katikati ya mambo hayo.

Mwaka 1851 jimbo la Maine lilikataza uuzaji wa pombe. Mtu aliyeipigania sana sheria hiyo alikuwa Bwana Neal Dow, mkuu wa mji wa Portland. Pombe iliyoruhusiwa ni ile ya dawa na ya kazi za viwanda tu, nayo ilikuwa iuzwe na wakala wa mji. Mwaka 1855 Bwana Dow aliagiza pombe ya dola 1,600 hivi kwa kazi hiyo ya dawa, lakini aliiagiza kabla wakala hajawekwa kwa taratibu zilizotakiwa. Habari zikaenea ya kuwa adui wa pombe ana ghala la pombe! Tarehe 2 Juni watu wakakusanyika, mawe yakatupwa, na jioni askari wakapiga risasi. Mtu mmoja alikufa na saba wakaumia. Bwana Dow alishtakiwa kwa sheria yake mwenyewe. Korti ilimwachilia, lakini mwaka uliofuata sheria hiyo ilifutwa.

Hata hivyo mpango huo haukufa. Kaunti moja moja, kisha majimbo, yalipiga kura kukataza pombe, mpaka mwezi wa Januari 1920 nchi nzima ikafungwa.

Sasa mgonjwa aliyehitaji pombe kali alipewa cheti na daktari mwenye ruhusa, katika karatasi iliyopigwa chapa na Serikali, na kipimo chake kilikuwa karibu nusu lita kwa siku kumi. Ajabu ni kwamba mwaka 1917 chama kikuu cha madaktari wa nchi hiyo kilikuwa kimekwisha sema ya kuwa pombe haina faida ya dawa iliyothibitishwa. Vyeti viliandikwa vivyo hivyo. Bwana Winston Churchill alipogongwa na motokaa mjini New York mwezi wa Desemba 1931, daktari wake alimwandikia cheti cha pombe ya kunywa wakati wa kula. Kipimo cha chini kilitajwa, cha juu hakikutajwa. Wasomaji watakisia wenyewe.

Kwa upande wa dini, mapadre waliruhusiwa divai ya misa, na familia za Kiyahudi divai ya Sabato na ya Pasaka kwa mkono wa rabi wao. Upesi wakajitokeza watu waliojiita marabi, wakiwa na orodha za waumini wasiokuwako. Jambo hili liliwatia aibu Wayahudi waaminifu, na mwaka 1922 mwanachuoni wao Louis Ginzberg alitoa hukumu ya kwamba maji ya zabibu yasiyochacha yanafaa kwa ibada.

Na mkulima je? Wenye mashamba ya mizabibu huko California walidhani wameangamia. Lakini sheria ilimruhusu mtu kutengeneza maji ya matunda nyumbani kwake, na wengi waliyaacha maji hayo yachache. Zabibu zikajaa katika mabehewa ya reli kwenda miji ya mashariki, na bei ikapanda mara kadhaa. Wakulima waling'oa mizabibu ya divai nzuri, ambayo matunda yake ni laini, wakapanda aina ya Alicante Bouschet yenye ngozi ngumu isiyopasuka njiani. Kila mtu alipanda, na wengine walikopa fedha benki ili wapande. Kabla miaka kumi haijaisha zabibu zilizidi mno na bei ikaanguka, lakini deni la benki halikuanguka.

Baadhi ya watengenezaji, kama Beaulieu katika bonde la Napa, walipona kwa sababu waliuza divai ya misa. Tarehe 5 Desemba 1933 katazo la nchi nzima liliondolewa, na majimbo na kaunti zikaachiwa zijiamulie tena. Mississippi ilikuwa jimbo la mwisho kufungua, mwaka 1966. Watengenezaji wa divai wakarudi kwa wakulima kutafuta zabibu nzuri, wakakuta mashamba yamejaa Alicante. Nao mzabibu mpya huchukua miaka mitatu hivi kabla ya kutoa mavuno ya kwanza.