Historia ya Kijiji na Daftari la Pesa

Tangu vikundi vichache vya pande za Imenti na kule Mbeere vianze kukusanya historia ya koo zao, kila tukiwatembelea tunaulizwa swali moja. Mama mmoja alituuliza hivi: "Kikundi cha kuku tunakijua. Kuku anataga, mayai yanauzwa, tunagawana. Sasa hiki cha historia kinataga nini?" Watu walicheka, lakini swali lake lilikuwa la maana, na hatukuwa na jibu la haraka.

Kazi ya kuandika mambo ya wazee haikuanza jana hapa kwetu. Padre Bernardo Bernardi wa Shirika la Consolata aliandika juu ya Mugwe wa Wameru, na kitabu chake kilitoka mwaka 1959. Mwanahistoria H. S. K. Mwaniki alikusanya masimulizi ya wazee wa Embu na Mbeere akayachapisha katika miaka ya 1970. Hao walikuwa na shirika au chuo nyuma yao. Nyumba ya makumbusho iliyoko Meru mjini nayo, katika jengo la mwaka 1916 lililokuwa ofisi ya DC, ilifunguliwa mwaka 1974 na iko chini ya Makumbusho ya Taifa. Ina wafanyakazi, na mgeni hulipa kiingilio mlangoni. Kikundi cha kijiji hakina hayo yote. Kina wanachama wake tu, na wazee ambao kila mwaka wanapungua.

Jirani wanaofanana nasi zaidi ni makumbusho ya amani ya jamii. Hayo yalianza kupandwa katika miaka ya 1990 kwa juhudi za Bwana Sultan Somjee, aliyekuwa Makumbusho ya Taifa, akisaidiwa na shirika la Wamenonaiti. Waembu wana la kwao, na kule Lari, Kiambu, liko jingine lililowaleta pamoja watu wa pande mbili za mauaji ya mwaka 1953. Mengi ya makumbusho haya yalibebwa na watu wa kujitolea, na msaada wa nje ulikuwa ukija na kuondoka. Ukitaka kujua kikundi cha historia kina nguvu gani, usikitazame siku ya mfadhili kufika. Kitazame miaka miwili baada ya yeye kwenda.

Hata hivyo, tumeona kwamba kinachoangusha vikundi hivi mara nyingi si ukosefu wa pesa. Ni mtu mmoja mwema kupita kiasi. Tueleze.

Kulikuwa na kikundi tulichokifuata kwa miaka kadhaa, hatutakitaja jina. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa sala na mwenye bidii. Alinunua redio ya kunasa sauti kwa pesa zake. Nauli ya kwenda kuwaona wazee ilitoka mfukoni mwake, na vitu vilivyoazimwa, mikuki, vibuyu, vigoda vya miguu mitatu, vilikaa katika chumba kimoja cha nyumba yake. Wanachama walipoulizwa michango walisema, "Mwalimu ameshalipa." Mweka hazina alikuwapo kwa jina tu, hakuwa na hata daftari. Nasi tulipofika tulimsifu mwalimu mbele ya watu, hatukuomba kuona hesabu. Hilo kosa ni letu.

Mwalimu alipofariki, watoto wake walifunga kile chumba. Si kwamba walikuwa wezi. Walijua baba yao alinunua ile redio, na kwamba kila kitu kilicholetwa pale kilipokewa naye. Wanachama hawakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha lipi ni la kikundi na lipi ni la marehemu. Mzee aliyeazima mkuki wa babu yake alikuja kuuliza, akaambiwa angoje. Na zile kaseti zilikuwa na sauti za wazee ambao nao walikuwa wameshazikwa.

Kwa hiyo turudi kwa yule mama wa kuku. Kikundi cha historia hakitagi. Basi pesa yake lazima iwe ndogo, itoke kwa wote, na iandikwe. Tuchukue mfano. Wanachama ni 20 na kila mmoja anatoa shilingi 50 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 12,000. Lakini msipange matumizi ya 12,000, kwa sababu watu huchoka. Sema wanane wameacha kulipa katikati ya mwaka: zimepungua 2,400, zimebaki 9,600. Sasa matumizi. Ziara moja kwa mzee kila mwezi, nauli na sukari ya kumpelekea, shilingi 300, kwa mwaka 3,600. Madaftari na kalamu 600. Kadi ya kuhifadhi sauti za simu 1,000, fotokopi 1,500, gharama za benki na za kutuma pesa 500. Jumla ni 7,200. Zinabaki 2,400, na hizo ziwekwe, zisigawanywe Disemba kama za merry-go-round. Rafu au kabati yenye kufuli mtaifanyia harambee ya siku moja, jambo ambalo watu wetu wanalijua sana.

Kama mwenyekiti amelipa nauli kwa pesa zake, iandikwe. Akitaka kurudishiwa, arudishiwe. Akitaka kusamehe, iandikwe kwamba ni mchango wake, ili kesho asije yeye au mtu wake kudai. Kuna watu wanaona aibu kumwandikia mkubwa risiti, ati ni kama kumshuku. Sisi twasema risiti inamlinda yeye kwanza. Pesa za M-Pesa nazo zisiingie katika simu ya mtu zikapotelea pamoja na za mboga. Siku ya mkutano orodha ya simu isomwe pamoja na kitabu. Benki iwe na waweka sahihi watatu, na pesa zitoke kwa sahihi mbili, wala wasiwe wa nyumba moja.

Juu ya viongozi: kujitolea kuwe na mwisho. Mweke katika katiba miaka miwili au mitatu, na katibu awe na msaidizi kijana anayejua kutumia simu, maana katibu mmoja anayejua kila kitu ni chumba kingine kilichofungwa. Katika historia pia kuna jambo ambalo kikundi cha kuku hakina: ukoo. Kamati ikiwa ya ukoo mmoja, historia itakuwa ya ukoo huo, na wengine wataacha kulipa bila kusema kwa nini. Tumeona hivyo.

Sheria ya kusajili vikundi vya jamii ya mwaka 2022 inataka watu wasiopungua 10 na katiba iliyoandikwa, na mahali pa kwenda ni ofisi ya maendeleo ya jamii. Cheti hicho hufanywa upya, kwa hiyo msikitundike ukutani mkasahau.

Na vitu vya wazee. Kila kinachopokelewa kiwe na karatasi mbili: jina la mwenyewe, kitu gani, kina alama gani, kimeazimwa au kimetolewa kabisa, na kitarudi lini. Mwenye kitu atie sahihi au dole gumba mbele ya mtu wa nyumbani kwake, abaki na karatasi moja. Sauti zinakiliwe mahali pawili, na nakala moja isikae kwa kiongozi. Parokia nyingi zina kabati ya ofisi; ombeni.

Kile kikundi cha mwalimu kiliendelea. Mke wa marehemu, baada ya mazungumzo marefu yaliyosimamiwa na wazee wawili wa ukoo na katekista, alifungua chumba. Mkuki ulirudi kwa mwenyewe. Kaseti zilikuwa 11; panya walikuwa wamezifikia, na zilizocheza ni 4. Katika mojawapo anasikika mama mzee akihesabu majina ya rika, anafika katikati, halafu utepe unakatika.