Kutu Haiponi kwa Kufunikwa

Wengi wetu hupaka rangi milango ya chuma, nondo za madirisha na malango ya ua sikukuu zinapokaribia, ili nyumba ipendeze machoni pa wageni. Jambo hilo ni jema. Lakini rangi iliyopakwa juu ya kutu huuficha ugonjwa tu, wala haiuponyi.

Mimi nililipata somo hili nyumbani kwangu. Nguzo nne za chuma zilizobeba pipa la maji uani nilizipaka rangi ya buluu bila kuzikwangua, nazo zikang'aa. Kabla mwaka haujatimia rangi ilitoa malengelenge. Nilipolibonyeza moja karibu na ardhi, kidole gumba kilipenya hadi ndani ya nguzo. Chini ya pipa lile ndipo watoto walipokuwa wakioga.

Chuma hushikwa na kutu kinapokutana na maji pamoja na hewa, na chumvi ya pwani huuharakisha uharibifu huo. Kutu nayo hunyonya unyevu na kuushikilia. Basi anayepaka rangi juu yake humfungia adui ndani ya nyumba.

Wakazi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika wanao mfano mzuri wa kinga iliyowekwa mapema. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Goetzen. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na Kigoma ili isitekwe, lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Meli iliinuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiwa na jina la Liemba. Grisi ilikuwa imeyazuia maji yasikifikie chuma.

Nasi nyumbani yatupasa kufuata kanuni hiyohiyo. Kwanza, kwangua kutu yote na rangi iliyolegea kwa brashi ya waya, kisha kwa msasa, mpaka chuma kionekane. Rangi kuukuu huenda ikawa na madini ya risasi, ambayo hudhuru akili za watoto. Kwa hiyo waweke mbali, lowesha mahali unaposugua, funika pua na mdomo, na ukusanye takataka zote. Pili, ondoa mafuta na vumbi, kisha uache chuma kikauke kabisa.

Tatu, siku hiyohiyo paka rangi ya msingi ya kuzuia kutu, ile ambayo mafundi huiita praima. Anzia kwenye kingo, pembe na maungio yaliyochomelewa, kwa maana hapo ndipo rangi huwa nyembamba. Ikikauka, paka rangi ya mafuta mara mbili, ukisubiri mkono wa kwanza ukauke kabla ya kupaka wa pili. Usifanye kazi hii mvua inaponyemelea, wala juani chuma kikiwa cha moto.

Mabati yana kinga yake, yaani zinki, ambayo huliwa kwanza ili chuma kisalimike. Usiyapake rangi ya mafuta moja kwa moja, kwani haitashika, itabanduka. Tafuta kwanza praima iliyotengenezwa kwa ajili ya mabati.

Mwisho, kila mwaka kabla ya masika kagua miguu ya nguzo, bawaba na nati. Mahali palipochubuka pasuguliwe na kupakwa mara moja. Nguzo inayoingia ardhini ijengewe saruji iliyoinuka na kuteremka pande zote, maji yasituame.

Nguzo zangu nne zilibidi kung'olewa na kununuliwa nyingine. Bei yake ingetosha kununua brashi ya waya, msasa na rangi kwa miaka mingi. Wahenga hawakukosea waliposema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.